Tarnished, Tainted na Wenzao: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yameokotwa mezani, kwenye steshenari ya Mwanza mjini kati ambako tunachapa barua, kutafsiri vyeti na kunyoosha Kiingereza cha watu. Wengi huja na barua za kuomba kazi. Wanaobaki huja kulalamika, kuomba radhi au kujitetea, na hapo ndipo yanapoanza maneno ya jina kuchafuka na kitu kupoteza mng'ao. Swali lililojibiwa kwingine tumelielekeza huko badala ya kulirudia.

## Ya kuanzia

Je, kuna neno moja la Kiingereza la "kupoteza mng'ao" linalofaa kila mahali?

Hakuna. Linalokaribia ni *tarnished*. Hilo linafaa kwa bangili ya fedha na linafaa kwa jina la mtu, ndiyo maana magazeti hulipenda. Lakini halifai kwa khanga iliyopauka, wala kwa maziwa yaliyoingia uchafu, wala kwa mwalimu aliyefukuzwa kazi kwa aibu.

Kinachotusumbua ni kwamba Kiswahili hushika mzizi mmoja kikaugeuza mkia: chafua, chafuka, chafuliwa, chafuana. Kiingereza mara nyingi hubadilisha neno zima. Kwa hiyo usitafute neno la "kuchafuka". Jiulize kwanza: kikisuguliwa, kinarudi? Kikirudi, una maneno yako. Kisiporudi, una mengine. Swali hilo moja limetuokoa mara nyingi kuliko kamusi.

Basi *tarnished* na *tainted* zinatofautianaje?

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, tulipe nafasi yake.

*Tarnished* ni ya juu juu. Neno lilitoka Kifaransa, kwenye kitenzi *ternir*, yaani kufifiza. Siku moja nilipeleka kwa sonara bangili ya fedha iliyokaa kabatini hadi ikawa na rangi ya masizi. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, hii nadhani imekufa." Akaitikia marahaba, akaitazama, akacheka. Alitandika foili ya jikoni ndani ya beseni, akalaza bangili juu yake, akatia magadi na maji ya moto. Maji yakaanza kutoa harufu ya yai bovu. Baada ya muda akaitoa, akaifuta kwa kitambaa, na weupe ukarudi, isipokuwa kwenye vishimo vya nakshi. Hiyo bangili ilikuwa *tarnished*. Fedha yenyewe haikwenda popote, ilifunikwa tu.

*Tainted* ni ya ndani. Kitu kimeingiwa na kitu kingine kibaya, na kusugua hakusaidii: maji, nyama, damu ya kuwekewa mgonjwa, ushahidi mahakamani, fedha za rushwa. Sisi wa ziwani tuna mfano wetu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya taarifa kwamba kuna watu wanavua kwa sumu. Samaki waliodhaniwa kuwa na sumu ndio wa kuitwa *tainted fish*. Jina la sangara wetu kwenye masoko ya ng'ambo, hilo liliitwa *tarnished*, na kweli lilisuguliwa likarudi, kwa sababu soko lilifunguliwa tena. Samaki aliyevuliwa kwa sumu hasuguliki.

Ukisema jina la mtu ni *tainted*, basi, umesema neno zito kuliko *tarnished*. Umesema kuna kitu kimeingia humo. Mara nyingi ni kwa sababu ya alioambatana nao: *tainted by association*, yaani kaponzwa na kampani yake.

Na *tinted*?

Hiyo ni tinti ya vioo vya gari. Haihusiani kabisa na kuchafuka. Tumeipokea kwenye barua tatu mwaka huu, mojawapo ikisema jina la mwombaji lina tinti.

Hutamkwaje?

*Tarnished* ni TAA-nisht, *tainted* ni TEIN-tid, *sullied* ni SA-lid. *Besmirched* ni bi-SMECHT, na usipoiweza usijali, hutaihitaji (ona swali la sully na besmirch). *Infamous* hubeba mkazo mwanzoni: IN-fa-mas. Anayesema in-FEI-mas huwa amelisoma tu, hajalisikia.

## Vyombo, nguo na ziwa

Fedha yangu imekuwa nyeusi. Niseme imeshika kutu, *rusty*?

Hapana. *Rust* ni ya chuma peke yake: chuma, hewa na maji, inatoka ile hudhurungi inayomeguka. Nyumba zilizo jirani na maji huku Kirumba au Igogo wanaijua vizuri kwenye mabati na kwenye misumari.

Fedha haifanyi hivyo. Hushikana na salfa iliyo hewani, na pia ile iliyo kwenye mayai, vitunguu na mpira, ikajivika utando mweusi. Ndiyo sababu sonara hukataza kufunga cheni ya fedha kwa rababendi. Hiyo ndiyo *tarnish*. Shaba huanza kwa kuwa kahawia kisha huweza kwenda kijani, na hapo Waingereza wana neno *patina*. Angalia lakini: *patina* ni sifa. Mwenye kinara cha kale chenye *patina* hukiuza ghali zaidi, na ukimsafishia bila kumuuliza mnaweza kukosana.

Metali ikiliwa hadi ndani, iwe chuma au nyingine, neno ni *corroded*. Hilo nalo lina matumizi mazuri kwa mambo ya watu: *corrode trust* ni kula imani kidogo kidogo, jinsi chumvi inavyokula bomba. Halisemwi kwa kashfa ya siku moja.

Dhahabu nayo huwa *tarnished*?

Safi kabisa, ya karati 24, haiwi. Lakini pete nyingi si za karati 24. Ya karati 18 ina dhahabu asilimia 75, ya karati 9 ina asilimia 37.5 tu, na iliyobaki ni shaba, fedha au metali nyingine. Hizo nyingine ndizo zinazopoteza mng'ao. Kwa hiyo mteja anayelalamika kwamba "dhahabu ya Geita imechujuka" alalamikie kilichochanganywa humo, aiache Geita.

Khanga iliyopauka ni *tarnished*?

*Faded*. Jua na kufua vimeondoa rangi, hakuna utando wowote uliokaa juu. *Faded* hutumika pia kwa umaarufu uliofifia bila kosa la mtu: mwanasoka aliyestaafu miaka mingi, bendi ambayo vijana hawaijui. Hakuna aibu ndani yake, kuna umri tu.

*Dull* je? Kamusi inasema ni "isiyong'aa".

Ni kweli, na sahani *dull* ni sahani iliyopoteza nuru. Ila neno hili lina watoto wengi: kisu butu ni *dull*, anga la mawingu ni *dull*, hotuba inayolaza watu ni *dull*, na ukimwita mtu *dull* umemwita mzito wa akili au asiye na ladha. Kijana mmoja aliandika kwenye barua ya kazi kwamba ofisi aliyotoka ilimfanya *dull*. Alitaka kusema ilimfifisha. Tulimwandikia *held back*, akapona.

Na rangi ya ukuta isiyong'aa kwa makusudi, ile wauzaji wanayoiita mati, siyo *dull*. Ni *matt*, na uliinunua hivyo.

Kwa nini sufuria huitwa stenlesi?

*Stain* ni doa, *stainless* ni isiyoshika doa. Chuma hicho huwa na kromiamu, angalau asilimia 10.5, inayotengeneza ngozi nyembamba isiyoonekana na kuzuia kutu. Kwa jina la mtu, *stain* ni doa lisilotoka kirahisi: *a stain on his reputation*. Lipo katikati ya *tarnish* na *taint*. Mtu hana desturi ya kuitwa *stainless*, ukimwita hivyo atajiona sufuria. Mwite *spotless*.

Ziwa likichafuka, Kiingereza chake ni *dirty*?

Aibu hii tumeiona kwa macho, kwenye tangazo la boti lililobandikwa ukutani: safari imeahirishwa *because the lake is dirty*. Mzungu mmoja alisimama akalisoma mara mbili, kisha akayatazama maji. Ziwa lenye mawimbi ni *rough*. *Dirty* au *polluted* ni la takataka. Kiswahili chetu kinatumia kuchafuka kwa yote mawili na hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu tuliokaa hapa tunajua upepo ukivuma hivi maana yake nini.

## Jina la mtu

"He spoiled my name" ni kosa?

Ukisema Mwanza, Kisumu au Kampala, kila mtu anakuelewa. Ni Kiingereza cha huku kwetu, kilichozaliwa na "kaniharibia jina". Lakini ukimwandikia mtu wa Uingereza, *spoil* kwake ni chakula kilichochacha au mtoto aliyedekezwa. Andika *damaged my reputation* au *ruined my name*. Ya kwanza ni ya ofisini, ya pili ina machozi ndani yake.

*He broke my respect* ndiyo tafadhali uiache. "Kunivunjia heshima" huenda *he disrespected me*, au *he humiliated me* kama ilikuwa mbele za watu. Heshima ya Kiingereza haivunjiki.

Kati ya *sully*, *besmirch*, *blacken* na *smear*, nitumie ipi?

Mara nyingi *smear*, na sababu yake iko kwenye swali linalofuata. *Sully* ni zuri, lina staha, linakaa vizuri kwenye hotuba ya wakili: *I will not have my name sullied*. *Besmirch* linanuka vitabu vya kale. Ukiliweka kwenye barua ya kikundi cha vikoba watu watadhani umemezeshwa kamusi. *Blacken* linaeleweka, ila siku hizi wengi hulikwepa kwa sababu linafanya weusi kuwa uchafu. Ndugu yake *denigrate* limetoka Kilatini, *niger*, neusi, ingawa wengi wanaolitumia hawajui.

Kiingereza kina neno la kupaka matope kwa uongo?

Ndilo hilo *smear*. Kitendo chenyewe ni kupaka kitu chenye mafuta au tope, na kwa jina hubeba maana kwamba kinachosemwa ni cha uongo au cha kuonea. *Smear campaign* ni kampeni ya kupaka matope, tunayoiona kila uchaguzi ukikaribia, na tunayoiona pia kwenye uchaguzi wa mwenyekiti wa soko. Waingereza nao wana *drag through the mud*. Matope waliyaona kama sisi.

*Tarnish* haisemi kama habari ni ya kweli au ya uongo. Hilo ni muhimu mno kwa anayejitetea. Ukiandika *the report tarnished my name*, huenda ripoti ilikuwa ya kweli. Ukiandika *the report smeared me*, umeishtaki ripoti. Usiandike la pili kama huna pa kusimamia.

*Infamous* maana yake "asiye maarufu"?

La hasha! Huu ni mtego mkubwa kuliko yote. Ni mtu anayejulikana sana, kwa ubaya. *Notorious* vilevile. Kuna msanii chipukizi aliyetaka kwenye bango lake tuandike kwa unyenyekevu kwamba bado ni *infamous*. Asiyejulikana bado ni *unknown*, au kwa upole *up-and-coming*.

*Disgraced* na *discredited* ni moja?

Hapana. *Disgraced* ni aliyeumbuka akaanguka: kiongozi aliyevuliwa cheo na aibu yake mbele ya umma. *Discredited* ni asiyeaminika tena, na si lazima awe mtu. Nadharia huwa *discredited*, shahidi huwa *discredited*, dawa ya mganga ikishapimwa ikaonekana ni unga wa muhogo huwa *discredited*. Mtu anaweza kuwa *discredited* asiwe *disgraced*: amekosea tu hesabu.

Kwa nini "ya kisamaki", *fishy*, ni jambo baya?

Waingereza husema *fishy* kwa jambo linalotia shaka, nadhani kwa sababu ya harufu ya samaki aliyelala. Hapa Mwanza, ambako harufu hiyo ndiyo ada ya shule, linachekesha. Tumia tu, kwa mazungumzo, siyo kwenye barua rasmi.

## Barua na sheria

Kwenye barua ya kazi nieleze vipi kwamba sina doa?

*An unblemished record*. *Blemish* ni ila ndogo, kama chunusi au alama kwenye embe, na neno hili linapenda kukaa kwenye ukanushi. *A clean record* linatosha pia na linapumua zaidi. Usirundike yote mawili.

*Libel* na *slander* ni kitu kimoja?

Kiswahili tunayaita yote kashfa. Sheria ya England hutenganisha: *libel* ni kashfa iliyoandikwa au kurushwa hewani, *slander* ni ya mdomo. Kwa pamoja ni *defamation*. Tangu sheria yao ya mwaka 2013, anayeshtaki lazima aonyeshe kwamba jina lake limepata au litapata madhara makubwa. Kununa tu hakutoshi. Kwa jirani aliyekusema kisimani, *gossip* inatosha. *Slander* na *scandal* ni watoto wa neno moja la Kilatini, na skendo yetu ni mjukuu wao.

Kama unataka kushtaki kweli, nenda kwa wakili. Sisi tunachapa.

Nimesingiziwa. Niombe wanisafishie jina: *clean my name*?

Alikuja mama anayeuza dagaa Mwaloni. Kikundi chake kilimshuku kwa fedha za mfuko wa jamii, na mfadhili wao alitaka maelezo kwa Kiingereza. Alikaa, akaweka kikapu chini, akasema, "Mwanangu, andika hivi: jina langu limechafuliwa, nataka lisafishwe."

Rasimu aliyokuwa nayo, aliyoandikiwa na mtoto wa sekondari, ilisema: *My name is tainted and I want you to clean it.* Nikamwuliza, "Mama, hizo fedha ulizigusa?" Akanikazia macho. "Sikuzigusa." Nikamweleza basi *tainted* inamchongea, kwa maana inakubali kwamba kuna kitu kimeingia. Tukaandika: *My name has been unfairly damaged, and I ask for the chance to clear it.*

*Clear my name* ndiyo hasa: kuonekana sina hatia. *Clean* ni ya vyombo. Alinifanya niisome kwa sauti mara tatu, kisha akauliza kama neno *unfairly* lingeweza kuandikwa kwa herufi nene. Tukaliandika kwa herufi nene.

## Kurudisha mng'ao

Kinyume cha *tarnish* ni nini?

Kwa bangili ni *polish*. Kwa jina ni *restore*, kurudisha lilivyokuwa. *Burnish* ni kuling'arisha zaidi ya lilivyokuwa. Wanasiasa ndio kazi yao. *Redeem oneself* ni kwa aliyekosea kweli kisha akafanya jema likamkomboa. Yule mama wa Mwaloni hahitaji *redeem*, hakukosea.

*Whitewash* si ndiyo kusafisha?

Ni kupaka chokaa, na chokaa hufunika. Ukisema uchunguzi ulikuwa *whitewash*, umesema wakubwa walifichiana. Usiandike kamwe kwamba unaomba kamati *whitewash* jina lako. Kuna aliyefanya hivyo, na kamati ikamjibu kwa heshima kubwa kwamba haina uwezo huo.

Mechi iliharibiwa na vurugu. Hiyo ni *tarnished*?

Tukio lililotiwa dosari ni *marred*: *the match was marred by violence*. Klabu yenyewe, baada ya vurugu za mara kwa mara, ndiyo jina lake huwa *tarnished*.

Tukisema "Kiingereza changu kimeshika kutu", inasemeka?

Inasemeka, na neno kwa neno: *my English is rusty*. Hapo *rusty* haina aibu wala tuhuma. Maana yake ulijua, hujatumia siku nyingi. Ila iseme kama ulijua kweli. Mteja wetu mmoja alimwambia mwajiri kwamba Kijerumani chake ni *rusty*, akaulizwa alijifunzia wapi, akakosa jibu.